Barua kwa Mama Zuhura kuhusu kiti chake cha Edmonton

Montreal, Jumapili jioni

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Natumai u mzima, na goti la Baba Zuhura limepata nafuu. Sisi hatujambo, alhamdulillahi, ila baridi imetuingilia mapema mwaka huu na watu wameshatoa makoti mazito.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, nikaurudia, kisha nikaona jibu lake si la kutolewa kwa simu nikiwa ndani ya basi. Unasema ule mgao wako wa tiketi za msimu unaurudisha kwa majirani mliokuwa mkishirikiana nao. Watoto wameshajitegemea. Bei imepanda. Na zaidi ya yote umeanza kuona haya: mama mtu mzima, kesho keshokutwa ataitwa bibi, anavaa jezi ya rangi ya chungwa na kupiga kelele katikati ya vijana. Kila jambo na umri wake, ukasema, na kwenda kutazama hoki ya barafuni ukumbini ni la watoto na la wazazi wenye watoto wadogo.

La bei sina ubishi nalo. Timu yenu ya Oilers ina mechi zaidi ya arubaini za nyumbani kila msimu, na hata ukienda robo tu ya hizo, tiketi na maegesho na chakula vinafika fedha ya kumlipia mtu karo. Mtu akisema hana, hapewi hoja, anapewa pole. Lakini hilo la umri silikubali hata kidogo, na nitakujibu kwa urefu, basi jimiminie chai kabisa.

Mimi na wewe hoki hatukuikuta utotoni. Mombasa tuliijua barafu ya kununua dukani, ile ya mfukoni, unaing'ata ncha na kuifyonza. Uwanja wa kuteleza wa Panari kule Nairobi ulifunguliwa mwaka 2005, sisi tumeshaondoka. Wewe ulifika Edmonton na Zuhura mgongoni, mimi nikashuka hapa na koti la kuazima. Tulikuwa watu wazima, wake za watu, tuna kodi ya nyumba ya kulipa. Jambo ulilolianza na miaka thelathini na ushee unaliitaje la kitoto? Hao waliozaliwa huku labda wana haki ya kujiuliza kama wanashikilia tu kumbukumbu za baba zao. Sisi hoki tuliichagua tukiwa na akili zetu timamu.

Na kumbuka tuliichagua kwa sababu gani. Ulinisimulia mwenyewe mechi yako ya kwanza, kwenye ule ukumbi wa zamani kabla hawajahamia Rogers Place mwaka 2016. Edmonton walipofunga, mama mmoja wa Kizungu aliyekaa kando yako, hamjuani, hamjasalimiana, alikugeukia akakukumbatia. Ukaniambia kwamba tangu ufike nchi hii hakuna mtu asiye wa nyumbani kwako aliyekuwa amekugusa. Nje ilikuwa nyuzi thelathini chini ya sifuri. Sijawahi kuisahau habari hiyo, na nashangaa kama wewe umeisahau.

Unasema runinga inatosha. Runinga hufuata kisahani, kile wanachokigombania kwa magongo, na kisahani kina haraka. Mtoto naye hufuata kisahani, kikipotea anaangalia skrini kubwa au anangoja mashine ya Zamboni itoke kupiga maji barafu. Zuhura alikuwa hivyo, na maswali yake yalikuwa mazuri: kwa nini kile kijiduara cha raba kinawekwa kwenye friza kabla ya mechi, na mimi nikamweleza kwamba kikiwa na joto hudunda ovyo. Lakini mtu mzima akikaa pale juu, uwanja wote wa mita 61 kwa 26 uko mbele yake, anatazama wale wasio na kisahani. Anamwona beki anayeteleza kinyumenyume akiwa ameshaijua hatari sekunde mbili kabla haijafika. Anamwona mchezaji aliyerudi benchi amekata pumzi baada ya sekunde arubaini na tano, na mwenzake aliyeruka ukuta kuingia badala yake hata hawajaangaliana. Anamwona kipa aliyefungwa, anakunywa maji, anateleza hadi pembeni, anarudi langoni pake na kuanza upya mbele ya watu elfu ishirini na moja.

Halafu kuna kile kibanda cha adhabu. Mimi nikiulizwa kwa nini naenda uwanjani, nitakitaja hicho kabla ya magoli. Mtu amefanya kosa, anatolewa dakika mbili, anakaa peke yake nyuma ya kioo, na wenzake wanabaki wanne dhidi ya watano wakijitupa chini kuzuia mashuti kwa miili yao kwa sababu yake. Kamera humwonyesha kidogo tu kisha inaondoka. Ukumbini unaweza kumtazama dakika zote mbili. Anavyoinama, anavyosimama, anavyogonga gongo lake ukutani wenzake wakifanikiwa kukiondoa kisahani cha hatari. Nikiwa msichana ningemcheka. Leo nina ndugu waliowahi kulipa kwa ajili ya makosa ya mwingine wetu, na siwezi kumtazama yule kijana bila kuguswa. Huo umri unaosema umetuondoa uwanjani ndio ulionifungua macho.

Hata wavu ule nyuma ya goli, uliokuwa ukilalamika unakuziba. Uliwekwa baada ya msichana wa miaka 13 kupigwa na kisahani kwenye mechi ya Columbus, Ohio, Machi 2002, akafariki siku mbili baadaye. Kijana haoni wavu, anaona mechi. Mzazi anauona, anamshukuru Mungu, kisha anaona mechi.

Hapa Montreal kuna habari moja ambayo watu wazima huisimulia, na vijana huijua kwa kusikia. Septemba 2001 nahodha wa timu yetu ya Canadiens, Saku Koivu, yule Mfini, aligunduliwa ana saratani. Akatibiwa msimu mzima, nywele zikapukutika. Tarehe 9 Aprili 2002 akarudi uwanjani, na alipoingia kwenye barafu watu walisimama na kupiga makofi kwa muda wa dakika nane hivi. Fikiria dakika nane, hakuna mchezo, hakuna goli, mtu amesimama tu na watu wanampigia makofi. Aliyekuwa na miaka kumi usiku ule alipiga makofi kwa sababu mama yake anapiga. Lakini mle ndani lazima walikuwamo waliotoka hospitali asubuhi ile ile, waliozika, waliokuwa wakingoja majibu ya vipimo vyao wenyewe. Wao ndio walioyafikisha makofi yale dakika nane. Ukumbi wa watoto watupu ungechoka baada ya moja.

Na Jean Béliveau je? Alichukua Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa ligi, mara kumi akiwa mchezaji wa Canadiens, akastaafu mwaka 1971, akazeeka, na bado alikuwa akija kukaa kwenye kiti chake kile kile nyuma ya benchi la timu, yeye na mkewe Élise. Mtu ambaye ametimiza kila kinachoweza kutimizwa katika mchezo huu hakuwa na la kutafuta pale isipokuwa kuwepo. Alipofariki Desemba 2014, akiwa na miaka 83, mechi ya kwanza ya nyumbani baada ya hapo kiti chake kiliachwa wazi, kimevikwa jezi namba 4, na mkewe akaja akakaa kando yake. Yule mama angeweza kubaki nyumbani na msiba wake, na hakuna ambaye angemlaumu. Alikuja. Kama kuna umri wa kuacha, wale wawili walikuwa wameshaupita kitambo.

Naomba pia ukumbuke ya mji wako mwenyewe, maana naona nakutolea mifano ya huku kana kwamba Edmonton haina. Mwaka 2006, kwenye mechi za mtoano, mwimbaji Paul Lorieau alianza wimbo wa taifa kisha akainyanyua maikrofoni kuelekea kwa watu, na ukumbi mzima ukauimba wenyewe. Mwaka 2017 maikrofoni ya mwimbaji mwingine ikakataa kabisa wakati wa wimbo wa taifa wa Marekani, na mashabiki wenu wakauimba hadi mwisho, wimbo usio wao, kwa ajili ya wageni wao. Watu wazima ndio wanaojua maneno ya wimbo wa jirani.

Halafu ukaja ule mwaka wa 2020. Fainali nzima ya Kombe ilichezwa mjini kwenu, Tampa Bay na Dallas, na hakuna hata mtazamaji mmoja aliyeruhusiwa kuingia. Viti vilifunikwa, na kwenye matangazo wakaweka kelele za mashabiki zilizorekodiwa. Runinga ilikuwa ile ile, tena na kamera za kila pembe. Ulinipigia simu ukasema umezima baada ya kipindi cha kwanza, kwamba ni kama kutazama watu wakifanya kazi kiwandani. Na miaka minne baadaye, timu yenu ilipotoka nyuma mechi tatu kwa bila kwenye fainali ikasawazisha, mechi ya saba ikawa Florida, watu wa Edmonton walikwenda kujaa Rogers Place kutazama skrini! Barafuni hakuna mtu. Wachezaji wako kilomita maelfu. Wewe na Baba Zuhura mlikuwepo. Runinga mnayo sebuleni, kubwa kuliko yangu. Mlifuata nini kule? Mlifungwa mbili kwa moja, na ukaniambia hukutamani kuwa mahali pengine usiku ule. Nimekushikia maneno yako hayo.

Sasa hili la haya. Shoga yangu, sisi tumelelewa na nani? Bibi zetu pale Mji wa Kale walikwenda kwenye taarab mpaka miguu ikakataa. Wamejifukiza, wamevaa leso mpya, wanasimama mbele ya watu kumtuza mwimbaji kwa sababu ubeti umewagusa, na tukisikia vigelegele vyao tulijua shughuli imenoga. Nani aliwaambia wamekua? Mtu angethubutu? Kijana akikaa mbele na kushangilia kila kitu aliambiwa hajui kusikiliza bado, atajua akikua. Kwetu kuwa mtu mzima kulikuwa ndiyo tiketi ya kuingia. Haya unayoiona sasa hukutoka nayo nyumbani, umeiokota kwa watu wanaodhani furaha ya hadharani ni ya walio chini ya miaka ishirini na mitano. Jezi ya chungwa juu ya buibui ina ubaya gani? Mimi huvaa nyekundu juu ya dira langu na mtandio wa buluu, na mabibi wa Kifaransa huniuliza nimeununua wapi.

Yapo ambayo umri unaniondolea, sitakuficha. Ngumi za wachezaji sizitaki tena. Zimepungua sana siku hizi, lakini zinapotokea na ukumbi ukasimama, mimi hubaki nimekaa. Na sidhani utu uzima wenyewe ni kinga: waliofanya ghasia hapa tarehe 17 Machi 1955, nyota wa Canadiens Maurice Richard alipofungiwa kucheza, hawakuwa watoto watupu, watu wazima walikuwamo, wakavunja madirisha ya maduka Sainte-Catherine. Kuna kupenda mchezo ambako mtu anapaswa kukuacha, na akikuacha ni heri kwa wote. Richard mwenyewe alirudi Forum, ukumbi wetu wa zamani, akiwa mzee wa miaka 74, usiku wa mwisho wa ukumbi ule, Machi 1996, watu wakamshangilia zaidi ya dakika saba bila kuvunja kitu chochote. Ni mji ule ule, na baadhi yao bila shaka ni watu wale wale. Ushabiki haukuwatoka, ulikomaa ndani yao.

Na kama ingekuwa ni kufuata ushindi tu, ukumbi wetu ungeshakuwa ghala. Zaidi ya miaka thelathini tangu tulipochukua Kombe la 1993, na ukumbi wetu wa sasa, Bell Centre, bado unajaa. Anayekwenda kwa sababu ya kombe anakata tamaa mapema. Anayebaki amepata sababu nyingine.

Jirani yangu wa kiti, yule mzee, bado yupo. Alianza kuja na babake Forum, sasa huja na mjukuu, na goti likimsumbua humwachia mjukuu aje na rafiki. Ramadhani zilizopita zimeangukia ndani ya msimu, na mwezi Machi magharibi ya hapa huingia karibu na saa moja, wakati mechi inaanza. Mimi huwa nimebeba tende na chupa ya maji kwenye mkoba. Mara ya kwanza aliniona nimeshika tende tu siili, akauliza kuna nini, nikamweleza. Tangu siku ile yeye ndiye huangalia saa yake. Ikifika dakika yenyewe ananigusa bega, nami nampa tende moja, anakula pamoja nami wakati watu wote wanapigia kelele jambo jingine kabisa. Hatujawahi kutembeleana, jina la mtaa wake silijui. Lakini mwaka jana alipokosekana kwa muda mrefu, mtandao wote wa viti vile uliulizana, mbele na nyuma, mpaka mjukuu akaja kutuambia amefanyiwa upasuaji na anaendelea vyema. Runinga yangu haijawahi kuniulizia.

Nina jambo jingine ambalo ningependa ulione kwa macho yako. Tarehe 20 Aprili 2024 timu ya wanawake ya Montreal ilicheza na Toronto hapa Bell Centre, na watu 21,105 wakaingia, wengi kuliko mechi yoyote ya hoki ya wanawake iliyokuwa imechezwa mpaka siku ile. Ligi yenyewe ilikuwa na miezi michache tu tangu ianze. Nilikwenda na bintiangu. Wasichana wadogo walikuwa wengi na mabango yao, sawa. Lakini mimi nilikuwa nawatazama kina mama wa miaka sitini na sabini, makundi kwa makundi, wengine na fimbo. Wakiwa wadogo, kaka zao walipewa viatu vya kuteleza na wao wakaambiwa wakae watazame. Nahodha wa Montreal, Marie-Philip Poulin, alipoingia kwenye barafu, wale mabibi walisimama na kulia waziwazi, na sikumwona hata mmoja aliyeziba uso. Wewe unasema wakati wako umepita. Wao wakati wao ulikuwa ndiyo kwanza unafika.

Ligi hiyo imeshaleta mechi Rogers Place pia, Februari 2025, kwa hiyo huwezi kusema ni ya huku tu. Na hata Kenya, vijana wa timu ya Ice Lions walioanzia pale Panari waliletwa Canada mwaka 2018 wakacheza pamoja na nyota Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, na mwaka 2024 nchi yetu ikapokelewa kwenye shirikisho la kimataifa la hoki. Wajukuu wako watakuja kukuuliza habari hizi, nawe utakuwa umestaafu?

Basi ushauri wangu ni huu. Mgao wa msimu mzima urudishe kama unakubana, sikatai. Mechi nyingi kwa mazoea ni kazi kama kazi nyingine, na nadhani kilichokuchosha ni huo wingi pamoja na kuendesha gari usiku kwenye theluji. Chukua chache. Chagua za katikati ya wiki dhidi ya timu zisizo na majina makubwa, bei huwa inashuka, na panda treni hadi kituo cha MacEwan, gari liache nyumbani. Ukikosa za Oilers, timu ya vijana ya Oil Kings inacheza ukumbi ule ule kwa bei ndogo, na vijana wale wanateleza kwa roho zao zote. Baba Zuhura mtafutie kiti cha mwisho wa safu anyooshe mguu. Kuhusu vijana wanaokuangalia, nakuhakikishia hawakuangalii, wanaangalia simu zao.

Na hili la mwisho ni ombi. Edmonton huja Montreal mara moja kila msimu. Safari hii tiketi mbili nitazinunua mimi, hiyo ni zawadi yako ya kuzaliwa, usinitajie fedha. Chumba cha Idi kiko tupu tangu aende chuo, mtalala humo. Lakini tiketi za mechi hiyo huisha upesi, kwa hiyo nataka jibu kabla ya Ijumaa, na majirani zako usiwaambie lolote mpaka tumeongea. Ukija niletee ile bizari ya duka la Msomali wa kwenu, ya huku haina nguvu.

Nisalimie Baba Zuhura na watoto wote.

Wako shoga yako,
Mama Idi